Kutoka Rubaya hadi Goma na daftari moja



Wengi wenu mnaijua Rubaya kwa redio tu: koltani, vita, mlima uliofunika watu. Hayo ni kweli, hatuyakatai. Lakini Rubaya ni pia mahali ambapo kila asubuhi mama anamsuka binti yake nywele, anampa kiazi cha jana kilichopashwa moto, anamwambia nenda shule. Leo tunawaletea habari za mmoja wa watoto hao, na za safari tuliyoifanya pamoja naye na mama yake hadi Goma. Hatutataja jina lake, maana ni mtoto, na mji wetu ni mdogo.

Rubaya iko wilayani Masisi, Kivu ya Kaskazini, kama kilomita 60 kutoka Goma. Zamani vilima hivi vilijulikana kwa ng'ombe, jibini, maharagi na viazi, na vitu hivyo bado vipo. Ukisimama mbele ya shule yetu unaona upande mmoja malisho ya kijani, na upande wa pili mlima uliochunwa ngozi, mwekundu, wanaume wakipanda na kushuka kama sisimizi wenye mifuko mabegani. Chini mtoni watu wanaosha mchanga mweusi katika mabeseni. Inakadiriwa kwamba kama asilimia 15 ya koltani ya dunia inatoka huku kwetu, kwa ajili ya simu na mashine za watu wa mbali. Tangu mwisho wa Aprili 2024 mji uko mikononi mwa M23. Hatuandiki siasa katika jarida hili. Tunasema tu kwamba mama anayetaka kusafiri na mtoto lazima ajue njia ikoje siku hiyo.

Shule yetu ni ya mbao na mabati. Tangu masomo ya msingi yawe ya bure mwezi wa Septemba 2019, watoto wameongezeka, nasi tukashangilia, maana wengi walikuwa wanafukuzwa kwa sababu ya pesa. Lakini vyumba havikuongezeka kama watoto. Tunafundisha darasa la pili, na mbele yetu kuna watoto zaidi ya 70. Nyumbani wanasema Kinyarwanda au Kihunde, sokoni Kiswahili, na Kifaransa kinawangoja mbele. Mtoto asipojibu, si rahisi kujua kama hakuelewa lugha, au hakusikia, au hajala tangu jana, au mkono wake haumtii. Basi mwalimu aliyechoka huandika neno moja tu: mzito.

Neno hilo tuliliandika kwa binti huyu.

Ana miaka tisa, na alikuwa anarudia darasa la pili kwa mara ya pili. Akiwa na mwaka mmoja alishikwa na malaria kali, akapata degedege. Alipona, lakini mkono wa kulia ulibaki umekunjwa kifuani, na mguu wa kulia unagusa chini kwa vidole kuliko kisigino. Anaimba vizuri. Anacheka upesi. Lakini daftari lake lilikuwa na mistari iliyokatika na karatasi iliyochanika, na mwisho wa muhula hakuwa na alama ya kumpandisha.

Tunakiri makosa yetu hapa, kwa sababu tunajua si sisi peke yetu. Tulimkalisha nyuma karibu na mlango, tukisema atapata hewa; kweli ni kwamba tulikuwa hatuna la kumfanyia. Na kila aliposhika kalamu kwa mkono wa kushoto, tulimwondolea na kuiweka kulia. Kwetu mkono wa kushoto si wa kumsalimia mkubwa wala wa kupokea chakula, nasi tuliona ni kazi ya shule kunyoosha jambo hilo. Tulimgonga vidole kwa rula, na si mara moja. Tulikuwa na diploma ya ISP katika sanduku, na humo chuoni tulisoma saikolojia ya mtoto. Lakini mbele ya watoto 70 mtu hurudi kwa yale aliyotendewa yeye mwenyewe alipokuwa mdogo.

Siku moja ya Ijumaa mama yake alikuja kusema anamtoa mtoto shuleni. Hakuja kwa hasira. Alisimama mlangoni, kitenge kikiwa na udongo wa shamba, akasema:

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru na kuaga. Atakuwa ananisaidia nyumbani."

Tulimwuliza sababu. Alinyamaza kidogo, kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. Mara tatu alikuwa amempeleka mtoto Goma, kwa mtaalamu wa viungo, yule ambaye hospitalini wanamwita kine. Hakumwambia mtu. Majirani wengine husema mtoto kama huyu ni wa laana, na wengine wangesema mama ana pesa za kuchezea. Mtaalamu alikuwa amemwonyesha mazoezi ya kunyoosha mkono, akamwambia mtoto aandike kwa kushoto.

"Sasa wewe unasema kulia, daktari anasema kushoto," akasema. "Akirudi kutoka shule vidole vimevimba. Mtoto ana mama mmoja tu. Mimi nimfuate nani?"

Wamama, hatukuwa na jibu. Yule mama alikuwa ametoa pesa, ametoa siku zake za shamba, amebeba mtoto katika matope mara tatu. Na kile alichokijenga Goma tulikuwa tunakibomoa hapa kila asubuhi saa mbili. Hata mtaalamu hakukosea: alisema la kwake, lakini alisema kwa mdomo, katika chumba ambacho mwalimu hakuwamo. Nasi tulifanya la kwetu, katika darasa ambalo mtaalamu hajapata kuliona. Kati ya vyumba hivyo viwili kulikuwa na kilomita 60 na mama mmoja asiyejua kuandika.

Tulimwomba asimtoe mtoto bado. Tukamwambia: safari ijayo twende wote.

Pesa ilikuwa kikwazo cha kwanza. Yeye ni mwanamemba wa AVEC, kikundi cha wamama wa mtaa wetu wanaoweka akiba kila juma na kukopeshana. Alipoomba mkopo wa safari, mama mmoja alipinga. Alisema sanduku ni la biashara, mtu akope anunue maharagi ya kuuza ili arudishe. Safari ya mtoto mlemavu itarudisha nini? Na kwamba nyumbani kuna watoto wengine wanne wanaohitaji kula. Hoja hiyo haikuwa ya mtu mbaya. Sote tunajua sanduku likipasuka linapasukia nani. Mwenyekiti aliwaacha wote waseme, kisha akauliza: "Mtoto huyu akikua bila kusoma na bila mkono, atalishwa na nani, na mama yake akishazeeka?" Walikubali. Mkopo ulikuwa kama wa mwanamemba yeyote, wa kulipwa kwa mavuno ya maharagi. Sisi tulijilipia nauli, direkta akatupa ruhusa ya siku mbili, na mwenzetu wa darasa la tatu akachukua watoto wetu juu ya wake.

Tuliondoka alfajiri kwa pikipiki mbili. Aliyewahi kupita njia ya Rubaya wakati wa mvua anajua: si njia, ni kinu cha udongo. Motari wa mbele alikuwa anaweka miguu yote miwili chini kama mtu anayepiga kasia. Mara mbili tulishuka tukatembea, mama akiwa na mtoto mgongoni, mtoto wa miaka tisa, miguu ikining'inia hadi magotini pa mama. Tulipojaribu kumpokea alikataa. Alisema mgongo wake umeshamzoea.

Vilima vya Masisi asubuhi ni vizuri hata ukiwa na taabu. Ukungu ulikuwa umekaa mabondeni kama maziwa katika bakuli, na ng'ombe walikuwa wanatokea ndani yake vichwa kwanza. Tulipita Mushaki, tukaanza kuteremka, na chini kabisa tukaona Sake na maji ya Ziwa Kivu. Hapo tulipanda gari. Kuanzia Sake udongo mwekundu unaisha na mawe meusi ya volkano yanaanza, na ukipita Mugunga unaona maeneo ambako hadi mwanzoni mwa mwaka 2025 maelfu ya jamaa zetu waliokimbia walikuwa wanaishi chini ya maturubai. Goma yenyewe imejengwa juu ya moto uliopoa: Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, na ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021. Watu walirudi, wakayavunja mawe yaleyale wakajengea nyumba.

Katika gari hilo ndipo tulipata somo letu la kwanza, na halikutoka kwa daktari. Mtoto alikuwa dirishani, akitazama chukudu zinazopita, zile baiskeli kubwa za mbao zenye makaa, viazi na mbao. Alikuwa ananong'ona. Tuliinama kumsikiliza. Alikuwa anahesabu: thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini, arobaini na moja. Katika daftari letu la alama tulikuwa tumeandika kwamba hajui kuhesabu kupita kumi. Tulimwuliza mama yake nani alimfundisha. Akashangaa kwa swali. "Ananisaidia kuuza viazi sokoni," akasema. "Yeye ndiye anayehesabu chenji."

Kumbe tulikuwa tumempima mkono tukidhani tunapima akili.

Kituo tulichokwenda kilikuwa na watu wengi: vijana wenye magongo, mama wenye watoto wa shingo laini, mzee anayejifunza mguu bandia. Zamu yetu ilipofika, mtaalamu alimsalimia mtoto kwanza, kisha mama, kisha akatutazama sisi. Tulipomwambia sisi ni mwalimu wake aliweka kalamu chini. Alisema ni mara chache mwalimu kufika hapo. Kisha akauliza swali ambalo kwa safari tatu hakuna aliyeweza kumjibu: "Darasani anakaaje?"

Tulimweleza. Akatuomba tukae kama yeye: dawati refu, miguu inayoelea, kiwiko bila mahali pa kutulia. Tulikaa hivyo dakika tano, tukajaribu kuandika. Mgongo uliuma, na herufi zikaenda ovyo, nasi ni watu wazima wenye mikono miwili mizima.

Alitufafanulia kwa maneno rahisi, nasi tunawaandikia kama tulivyoelewa. Ugonjwa wa malaria uliumiza sehemu ya ubongo inayoamuru mkono na mguu wa kulia. Jeraha hilo haliongezeki na haliambukizi. Si laana, na hakuna mganga wala daktari wa kuliondoa. Lakini misuli isipotumika hukakamaa, na mtoto hukua ikiwa imefupika. Kwa hiyo tiba si ya kuponya mara moja kama sindano. Ni ya kila siku, miaka na miaka. Watoto wengine hupata hali kama hii wakati wa kuzaliwa, uchungu ukikawia sana au mtoto akikosa kulia, na wengine baada ya homa ya uti wa mgongo. Wengi wao wana akili timamu. Wengine wanahitaji muda zaidi wa kujifunza. Huwezi kujua ni yupi kwa kutazama mkono.

Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililotufanya tuwaandikie ninyi. Alisema: "Mimi namwona kwa dakika 40, labda mara moja kwa miezi miwili. Ninyi mnaye kila siku. Kama kazi yangu haiingii katika kazi zenu, ni bure."

Tukakaa watatu, mtaalamu, mama na sisi, na mtoto katikati. Mtaalamu alisema anachotaka: mkono wa kulia ufunguke, ushike vitu vidogo na kuviachia. Sisi tulisema tunachotaka: ajue kujumlisha na kutoa, na aandike herufi. Mama alisema anachoweza: hana saa ya mazoezi, jioni anapika, anachambua maharagi, ananyonyesha. Mtaalamu akacheka. "Maharagi ndiyo nilikuwa natafuta," akasema. Mtoto achambue maharagi pamoja na mama yake, lakini yaliyooza ayatoe kwa mkono wa kulia. Na shuleni ahesabu kwa maharagi hayohayo, akiyahamisha kwa mkono huohuo kutoka bakuli moja hadi jingine. Zoezi la daktari, hesabu ya mwalimu na kazi ya mama vikawa tendo moja.

Kuandika, ni kwa kushoto. Mkono wa kulia upewe kazi ya kulishikilia daftari lisitembee, ili usisahauliwe. Kalamu ifungwe kitambaa iwe nene. Miguu iwekewe tofali chini ya dawati. Mtoto akae mbele, si kwa heshima, bali asigeuze shingo. Apewe maneno matano ya kuandika wenzake wakipewa kumi, na mengine aseme kwa mdomo.

Yote hayo yaliandikwa katika daftari moja la kurasa 48 tulilonunua barabarani. Mtaalamu aliandika kwa Kiswahili, akachora mkono na dawati kwa ajili ya mama. Daftari hilo likawa la safari: linakaa kwa mama, linakuja shuleni kila Jumatatu, linakwenda Goma kila wanapokwenda.

Wazo hili si letu. Jirani zetu wa Rwanda wana Gatagara, kituo kilichoanzishwa mwaka 1960 na padri Mbelgiji Joseph Fraipont, aliyechukua jina la Ndagijimana. Huko matibabu ya viungo na shule vimekuwa katika familia moja tangu zamani. Kenya walianza mwaka 1984 vituo vya elimu vya kuchunguza watoto wenye matatizo ya kujifunza, ili mtoto apimwe na kisha mwalimu wake apewe shauri. Na miaka miwili baadaye wakaanzisha chuo cha kufundisha walimu wa elimu maalum, KISE. Na tangu miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani limekuwa likihimiza kwamba mazoezi ya mtu mwenye ulemavu yafundishwe familia na jirani zake, kwa sababu wataalamu wako mijini na watu wengi wako vijijini. Nchini mwetu Kongo, sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaitambua elimu maalum, na sheria nyingine ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Sheria ziko. Kutoka karatasi hadi dawati la mwisho kando ya mlango, hapo ndipo safari ilipo ndefu.

Tulirudi Rubaya kesho yake. Jumatatu tulifanya jambo lililotugharimu kuliko nauli. Mbele ya darasa zima tulimwambia mtoto: "Tulikosea. Utaandika kwa mkono wako wa kushoto." Watoto walinyamaza. Kisha wengine watatu waliinua mikono ya kushoto, wakauliza kama na wao wanaruhusiwa. Hatukuwa tumewajua.

Nusu saa kabla ya kengele tulianza kukaa na watoto wachache. Alikuwa yeye, kijana mmoja anayetoka usaha sikioni, wawili ambao wamerudi shuleni baada ya kukaa muda mrefu katika kambi, na mmoja ambaye bado hatujui shida yake. Hatuna vifaa. Tunaandika herufi katika mchanga, tunahesabu kwa maharagi na vifuniko vya chupa. Yule wa sikio tulimwandikia mama yake barua aende kituo cha afya. Alipata dawa, tukamsogeza karibu nasi upande wa sikio zuri, na sasa anajibu. Kumbe na yeye tulikuwa tumemwandika mzito.

Msidhani njia imekuwa laini. Mwezi wa pili mvua ilikata barabara, kisha habari za usalama zikawa mbaya, na safari ya Goma haikuwezekana kwa majuma tisa. Zamani kungekuwa mwisho. Safari hii daftari lilikuwapo. Mama, asiyejua kuandika, alikuwa anapiga mstari mmoja kila jioni ambayo mtoto alichambua maharagi. Siku ya kuugua, hakuna mstari. Siku baba aliporudi kutoka machimboni na kukuta chakula hakijaiva kwa sababu ya mazoezi, hakuna mstari pia. Baadaye baba mwenyewe alitengeneza kibao cha miguu badala ya tofali. Walipofika tena Goma, mtaalamu alihesabu mistari 46. Alipima mkono, akasema haukurudi nyuma. Kwa mkono wa namna hii, kutorudi nyuma katika majuma tisa ni kazi kubwa.

Wamama na vikundi mnaotusoma, tuna mambo machache ya kuwaomba.

Kwanza, mtoto asiyeshika masomo apimwe macho na masikio kabla ya kuitwa mvivu, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kuanza hapo. Ulizeni alivyozaliwa, alivyougua, lini alianza kutembea. Mama ndiye kitabu cha kwanza cha mtoto, mwalimu akisome.

Pili, ukimpeleka mtoto kwa mtaalamu, usiondoke na maneno tu. Omba yaandikwe kwa lugha unayosomewa nyumbani, au yachorwe. Uliza: shuleni afanye nini? Kisha peleka karatasi hiyo kwa mwalimu, hata kama unamwogopa. Na mwalimu akikwambia jambo jipya, lipeleke kwa mtaalamu. Goma kuna vituo vinavyojulikana kwa kazi ya viungo, kama Shirika la Umoja, na hospitali kama HEAL Africa ambapo mtu anaweza kuuliza njia. Bukavu kuna Heri Kwetu.

Tatu, tusitafute mazoezi yanayohitaji saa mama asiyokuwa nayo. Kuchambua maharagi, kukamua nguo, kukunja kitenge, kubeba kikombe bila kumwaga, kuhesabu chenji: mwonyeshe mtaalamu kazi za nyumba yako, akuambie ipi inafaa mwili wa mtoto wako. Mtoto asilazimishwe hadi kulia kwa maumivu.

Nne, vikundi vya AVEC na likelemba: zungumzeni mapema kuhusu mikopo ya safari za watoto hawa, kabla mama hajasimama peke yake kuomba. Si kila kikundi kitaweza. Lakini mama asiyesema hawezi kusaidiwa, na wengi hawasemi kwa sababu ya aibu tuliyowavika sisi.

Na sisi walimu tunajiomba wenyewe tuweke rula chini.

Mnaweza kuuliza binti huyu amefika wapi. Hajawa wa kwanza darasani. Kusoma bado kunamchosha. Herufi b na d zinampiga chenga, na huenda mwisho wa mwaka huu akahitaji msaada ili apande. Mguu bado unagusa kwa vidole. Lakini hesabu anafanya, na wenzake wanamwomba awaonyeshe. Mama amebakiza malipo mawili ya mkopo. Yule mama aliyepinga kikundini alimletea juzi beseni la maharagi ya kuchambua, akasema ni mengi, binti amsaidie.

Wiki iliyopita tulitoa kazi ya kuandika majina. Alikaa mbele, miguu juu ya kibao cha baba yake, kalamu nene katika mkono wa kushoto. Alichukua muda mrefu kuliko wote, hata kengele ikalia. Wenzake walitoka. Sisi tulibaki tumekaa kando yake, tukaangalia ule mkono wa kulia: ulikuwa umefunguka nusu, umelala juu ya daftari, umelishikilia lisitembee.